Ripoti ya AIFS kuhusu sheria ya malezi Australia: isome, ila isome yote

Nianze na nyota kabisa ili asiyependa maandishi marefu aondoke na kitu: tathmini ya Australian Institute of Family Studies (AIFS) ya Desemba 2009, ile inayohusu mabadiliko ya sheria ya familia ya mwaka 2006, naipa nyota nne kati ya tano. Inapatikana bure mtandaoni, ni ndefu kweli kweli, na kwa yeyote anayehangaika na mgogoro wa kuonana na mtoto, awe mzazi, wakili, afisa ustawi wa jamii au mbunge anayetaka kugusa sheria, mi sijaona nyingine inayoifikia. Nyota moja nimeikata na sababu nitaisema. Humu humu nitagusa na tafiti zingine ambazo watu wanatumiana sana, maana kuna zinazobebeshwa uzito ambao hazina na kuna zinazotupwa bure.

Kazi yangu ni usuluhishi, nakaa na wazazi walioachana ambao wameshindwa kukubaliana mtoto alale wapi na lini, na siku hizi kila mmoja anakuja na utafiti wake kwenye simu. Baba ana ule unaosema watoto wanaolelewa nyumba zote mbili wanafanya vizuri kuliko wanaoishi na mzazi mmoja. Mama ana ule unaosema watoto wadogo wanaolala huku na kule wanateseka. Wote wamesoma kilichoandikwa, hamna anayedanganya, ila hakuna aliyejiuliza swali ambalo kwangu ndo la kwanza kabisa: hawa watoto waliopimwa walitoka kwenye familia za namna gani, na zinafanana na hii yenu? Ripoti ya AIFS naipenda kwa sababu hiyo moja, ni kati ya chache zilizolichukua hilo swali kwa uzito.

Kwa ambao hawajui ilikuwaje. Mwaka 2006 Australia ilibadilisha sheria, mahakama ikatakiwa ianze kwa kuchukulia kwamba ni heri kwa mtoto wazazi wote wawili wawe na wajibu sawa wa pamoja juu yake, yaani maamuzi makubwa kama shule, matibabu, dini wayafanye pamoja, na hapo ikishatoa amri ya namna hiyo lazima ifikirie kama mtoto anaweza kugawana muda sawa kwa sawa kwa wazazi wote, na kama haiwezekani basi ifikirie muda mkubwa na wa maana. Kulikuwa na mlango wa kutokea pale penye ukatili au unyanyasaji. Serikali ikafungua pia vituo vya mahusiano ya familia, 65 nchi nzima, na ikaweka kwamba wazazi wapitie usuluhishi kwanza kabla ya kufungua shauri, isipokuwa kwenye hali kama hizo za ukatili. Kwa hiyo hayakuwa maneno matupu kwenye karatasi, ulikuwa mfumo mzima umeguswa.

Sasa AIFS walipoambiwa wapime, hawakukaa na dodoso moja. Waligawa kazi sehemu tatu: familia zenyewe, huduma, na sheria pamoja na mahakama. Ukijumlisha wote waliotoa taarifa wanafika kama watu 28,000, kuanzia wazazi, mababu na mabibi, wafanyakazi wa huduma, mawakili, mahakimu, na juu ya hapo wakafukua majalada ya mahakama ya kabla na baada ya sheria. Wazazi peke yao kwenye ule uchunguzi mkubwa walikuwa 10,000 hivi, wote wameachana baada ya Julai 2006, wakahojiwa mwaka 2008. Na kwa vile hao ni wa baada ya sheria tu, wakatafuta kundi lingine la wazazi walioachana kati ya Januari 2004 na Juni 2005 wakawauliza ilikuwaje kwao. Naomba ulielewe hili kwa sababu ndo tofauti ya utafiti na maoni: ukitaka kusema sheria imebadilisha kitu lazima uwe na picha ya kabla. Tafiti nyingi za sheria ya familia hazina kabla, zina baada tu, halafu mwandishi anatuambia sheria imefaulu au imeharibu.

Na walichokikuta kinawanyima raha watu wa pande zote mbili, mi naona hiyo ni dalili nzuri. Watoto waliokuwa wanagawana usiku kati ya asilimia 35 na 65 kwa kila mzazi walikuwa kama asilimia 16 tu, na hali hiyo ilikuwa inaongezeka polepole hata kabla ya sheria, kwa hiyo hao wanaosema sheria ya 2006 iligeuza kila kitu hawana pa kusimamia, na hao wanaosema sheria ililazimisha watoto wote nusu kwa nusu nao hawana. Watoto kama asilimia 11 walikuwa hawamwoni baba kabisa, na hiyo ni baada ya sheria yote hiyo.

Halafu kuna sehemu ya ukatili, na hii ndo ningependa kila mtu aisome mara mbili. Mama 26 kati ya 100 walisema walipigwa au kuumizwa mwili na mwenzao kabla ya kuachana, baba 17 kati ya 100 nao wakasema hivyo. Ukiongeza wale ambao hawakupigwa ila walinyanyaswa kwa maneno, vitisho, kudhibitiwa na mengine ya aina hiyo, mama asilimia 39 na baba asilimia 36, unaona kwamba zaidi ya nusu ya wazazi walioachana wamepitia kitu. Takribani mzazi mmoja kati ya watano alikuwa na hofu ya usalama, wake au wa mtoto, kwa sababu ya mawasiliano yanayoendelea na mwenzake. Yaani ule mlango wa kutokea ambao sheria iliuchora kama kitu cha wachache, kumbe wanaopaswa kupita hapo ni umati.

Na hapa ndo penyewe. Kwa jumla, watoto waliokuwa wanaishi nyumba mbili kwa zamu hawakuwa na hali mbaya kuliko wengine, kwingine hata walionekana afadhali kidogo kutegemea nani ameulizwa. Ila mama akiwa na hofu ya usalama, watoto walikuwa na hali mbaya kwenye mpangilio wowote ule, na kwenye kugawana muda ndo ilizidi. Kwa hiyo idadi ya siku peke yake haisemi kitu cha maana mpaka ujue kati ya hawa wazazi wawili kuna nini. Mtu akikuletea takwimu ya wastani ya "watoto wa nyumba mbili" bila kutenganisha familia zenye hofu na zisizo na hofu, amekuchanganyia makundi mawili ambayo majibu yake yanapingana.

Kitu kingine walichokionyesha vizuri mno ni jinsi sheria ilivyosikika tofauti na ilivyoandikwa. Sheria ilisema wajibu sawa, wazazi wakasikia muda sawa. Mawakili na wasuluhishi walieleza kwamba akina baba walikuwa wanaingia wakiwa na uhakika kwamba nusu ya wiki ni haki yao, na akina mama wakiwa na uhakika huo huo kwa hofu, na mazungumzo yanaanza hapo badala ya kuanza kwa mtoto. Mi hili naliamini kabisa kwa sababu nalikuta kila wakati, mzazi anafika na hesabu ya siku mkononi, hajasema hata jina la mtoto.

Sababu ya kukata nyota ni hii. Kwanza, hali ya watoto walioripotiwa mle, hasa wadogo, imetoka midomoni mwa wazazi. Mzazi anayeishi na mtoto na mzazi anayemwona wikendi wanaona watoto wawili tofauti kwenye mwili mmoja, na mzazi aliye kwenye ugomvi ana sababu ya kuona anachokiona, sio kwamba anadanganya, ni binadamu. Ripoti inakiri na inaonyesha majibu ya mama na ya baba kwa kutenganisha, safi, lakini bado mtoto mwenyewe hajasema. Pili, wazazi walichukuliwa kutoka kwenye rejista ya serikali ya matunzo ya watoto, kwa hiyo waliojipanga wenyewe nje ya mfumo hawamo sawasawa. Tatu, hamna kundi la kulinganisha ambalo halikuguswa na sheria, nchi nzima ilibadilika siku moja, kwa hiyo kutenganisha kazi ya sheria na mwendo wa maisha wenyewe ni kugumu. Hilo la tatu sio kosa lao, ndo hali ya tafiti za sheria popote, ila msomaji alijue.

Twende kwenye zingine.

Ule uchambuzi wa Bauserman wa 2002 ambao akina baba wengi wanao kwenye simu, umejumlisha tafiti 33 na ukakuta watoto wa malezi ya pamoja wanafanya vizuri kuliko wa mzazi mmoja. Nyota mbili na nusu. Nyingi ya hizo tafiti ni tasnifu za wanafunzi ambazo hazijawahi kuchapishwa, ila mi hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba wazazi wanaochagua wenyewe kulea pamoja tayari wana vitu ambavyo wengine hawana: wanaongea, mara nyingi wanaishi karibu, wana kipato cha kuweka vitanda viwili vya mtoto, na ugomvi ni mdogo. Sasa mtoto akifanya vizuri ni kwa sababu ya zamu au kwa sababu ya wazazi wa aina hiyo? Utafiti wa namna hiyo hauwezi kukujibu, na ukiuchukua ukaupeleka mahakamani kwa wazazi ambao hawawezi hata kukabidhiana mtoto mlangoni, ni kama kupima dawa kwa watu wenye afya halafu ukampa aliye mahututi. Kumbuka pia ni wachache sana wanaofika mahakamani, tafiti za baadaye za AIFS zilikuta ni kama asilimia 3 tu ya wazazi walioachana ndo hutegemea mahakama kama njia kuu ya kupanga malezi, na hao sio sampuli ya kila mtu, ndo wale wenye ukatili, ulevi, maradhi ya akili na ugomvi usioisha. Maarifa yametoka kwa wale 97 na amri zinatolewa kwa hawa 3. Mi naona hapa ndo penye kidonda cha elimu yote hii na watu hawapagusi.

Amato na Gilbreth 1999, tafiti 63, huu naupa nyota nne na nashangaa kwa nini hautajwi inavyostahili. Walikuta kwamba mara ngapi baba asiyeishi na mtoto anamwona mtoto wake ina uhusiano mdogo sana na hali ya mtoto, ila namna anavyolea akiwa naye, kumsikiliza, kumwekea mipaka, kumsaidia masomo, pamoja na kulipa matunzo, hivyo vina uhusiano wa kueleweka. Ni wa zamani na umejaa data za Marekani, lakini hoja yake haijachakaa. Mzazi anayepigania usiku wa ziada kwa miaka miwili huku halipi matunzo na akipewa mtoto anamwacha kwa shangazi, huo utafiti unamhusu.

Sasa ule wa watoto wachanga. Mwaka 2010 McIntosh na wenzake, huko huko Australia, walitoa ripoti iliyosema watoto wa chini ya miaka miwili wanaolala kwa mzazi mwingine mara kwa mara walionekana wenye kulia lia na wasiotulia zaidi, na wa miaka miwili mitatu wanaogawana usiku mwingi nao wakaonyesha dalili za msongo. Ikaenea haraka mno, ikageuka kuwa sheria isiyoandikwa: mtoto mdogo asilale kwa baba. Ukiifungua ripoti yenyewe unakuta kwenye yale makundi ya wanaolala mara nyingi watoto ni makumi tu, na baadhi ya vipimo ni maswali machache ambayo mama ndo aliyajibu. Mwaka 2014 Warshak akatoa tamko lenye sahihi za wataalamu 110 wakisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwazuia watoto wadogo kulala kwa mzazi wa pili. Mwaka huo huo McIntosh mwenyewe akakaa na Pruett na Kelly, ambao walikuwa na mtazamo tofauti na wake, wakaandika pamoja kwamba ushahidi hauruhusu amri ya jumla upande wowote na kwamba mambo ya kuangalia ni usalama, uhusiano ambao mtoto tayari anao na kila mzazi, na uwezo wa wazazi kuelewana. Kwa heshima zote kwa tamko la wale 110, sahihi nyingi hazigeuki data, kwa hiyo ukiniuliza nisome kipi, ntakwambia acha ripoti na acha tamko, anza na hayo makala ya watatu. Watafiti waliokuwa wanapingana wakae meza moja waandike wanapokubaliana na wanapoachana, hicho kitu ni adimu na mi nakiheshimu kuliko nyota.

Kwa upande wa England na Wales kuna mbili nazitumia sana. Ya kwanza ni ya Trinder na wenzake ya 2013 kuhusu amri za kuonana na mtoto ambazo hazitekelezwi, walisoma majalada 215. Kila mtu alikuwa anaamini shida ni mama mkaidi anayemjaza mtoto maneno. Kundi kubwa kupita yote, zaidi ya nusu, likawa ni wazazi wote wawili wanaogombana kiasi kwamba amri haiwezi kutembea, kama theluthi wakawa na hofu ya kweli ya usalama, asilimia 10 hivi ni watoto wenyewe, wakubwa wakubwa, waliokataa kwenda, na mama mkaidi bila sababu ni kama asilimia 4. Majalada 215 sio mengi, na jalada linakwambia kilichoandikwa tu, hata hivyo kwa mtunga sheria anayetaka kuongeza adhabu huu utafiti ni lazima, maana adhabu inalenga hao wanne kati ya mia na inawapiga wote.

Ya pili ni ripoti ya jopo la wataalamu la Wizara ya Sheria, Juni 2020, kuhusu hatari kwa watoto na wazazi kwenye kesi za malezi. Walipokea michango zaidi ya 1,200, wengi ni wazazi waliopitia ukatili, na picha inayotoka inauma: mahakama inayosukuma mawasiliano kwanza na kuuliza usalama baadaye, taasisi zisizoongea zenyewe kwa zenyewe, muda mchache, na watoto wanaosikilizwa pale tu wanaposema wanataka kumwona mzazi, wakisema hawataki wanaambiwa wamefundishwa. Wapo wanaoikataa yote kwa sababu waliotuma michango ni wale waliojitokeza wenyewe. Kweli, huwezi kuitumia kusema ni asilimia ngapi ya kesi ziko hivyo, na ripoti haikudai hivyo. Ila kuonyesha mambo yanaharibikaje na kupitia mlango gani, mashuhuda 1,200 wanatosha, na jopo lilisoma pia tafiti zilizokuwepo na kukaa na mahakimu na wataalamu. Nyota nne, isipokuwa usiitumie kwa hesabu.

Marekani sitakaa. Meier 2019 alisoma hukumu 4,338 zilizowekwa mtandaoni kuona nini hutokea mama akilalamika unyanyasaji na baba akijibu kwamba mtoto amegeuzwa dhidi yake, Harman na Lorandos wakajibu 2021 kwa hukumu 967 za rufaa wakikuta tofauti. Pande zote mbili zimejengwa juu ya hukumu zilizoandikwa, na kesi nyingi huisha bila hukumu ya kuandikwa. Soma zote au usisome yoyote.

Kwamba tafiti zinaweza kusaidia sheria ninaamini, na mfano upo. England ilipokuwa inafikiria kuweka dhana kama ya Australia, yaani mahakama ianze kwa kuchukulia kwamba ushiriki wa wazazi wote wawili ni heri kwa mtoto, kamati ya David Norgrove iliyopitia mfumo wa mahakama za familia iliisoma tathmini ya AIFS, ikaikataa dhana hiyo kwenye ripoti yake ya Novemba 2011. Serikali ikaiweka hata hivyo mwaka 2014, lakini ikaandika wazi ndani ya sheria kwamba ushiriki wa mzazi maana yake ni ushiriki wa namna fulani, wa ana kwa ana au la, na sio mgawanyo wowote maalumu wa muda wa mtoto. Hicho kipengele kinaziba yale makosa ya kusikia ambayo AIFS waliyarekodi. Ni kidogo, najua, ila kuna mtoto ambaye kimemsaidia.

Australia nao walirudi. Sheria ya 2011, iliyoanza kazi Juni 2012, ikapanua maana ya ukatili wa familia na ikaondoa kile kipengele cha kumpima mzazi kwa utayari wake wa kumpeleka mtoto kwa mwenzake, kipengele ambacho kilikuwa kinawanyamazisha wanaopigwa kwa kuogopa waonekane wakorofi. AIFS wakaja kupima tena, ripoti ya 2015, mabadiliko yakaonekana lakini madogo. Halafu sheria ya 2023 ikaifuta kabisa ile dhana ya wajibu sawa na kupunguza mambo ya kuangalia kwenye maslahi ya mtoto mpaka sita ya jumla, ikaanza tarehe 6 Mei 2024. Tathmini ya sheria hii ikitoka mi ntaingia moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu kuangalia vitu viwili: kama walichukua picha ya kabla ya Mei 2024 kwa wazazi wa aina zote na sio wa mahakamani tu, na kama safari hii watoto wamekaa na mtafiti wakaulizwa wenyewe, bila mzazi yeyote chumbani.